Mara Nne Kila Mlango

Mama yangu alingoja miaka mingi apate kitu cha kujivunia mbele ya wanawake wa parokia, na kilipokuja, kitu hicho kilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Jumatatu nilikuwa mtoto wa kawaida wa Likasi, magoti yamejaa vumbi na mdomo haujui kupumzika. Jumanne asubuhi nilichukua ufagio nikafagie uwanja, nikafika mlangoni, nikasimama, nikapiga ishara ya msalaba mara nne. Mama alikuwa ameinama akipepea makaa kwenye mbabula. Aliinua uso, akaniona, akatabasamu. Ningejua tabasamu lile lingenigharimu nini, ningetokea dirishani.

Alipoinama tena kupepea, mimi nilikuwa bado pale pale. Ile ya nne haikukaa sawa. Kidole kiliteleza kabla hakijafika begani. Nikaanza upya. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha nikatoka. Wakati wa kurudi ndani mlango ulikuwa ule ule, na kazi ikawa ile ile.

"Mwana," mama akaniuliza, "nani alikufundisha kusali vile?"

"Hakuna muntu, mama."

"Hakuna muntu!" Alilirudia jibu hilo polepole, kama anayeonja chumvi ya mboga. Kama hakuna mtu aliyenifundisha, basi kwa akili ya mama aliyenifundisha alikuwa Mungu mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati kila kitu Likasi kilikuwa kinakufa huku kikiendelea kuamka asubuhi. King'ora cha kiwanda kililia saa ile ile ya siku zote, wanaume wakavaa kofia zao za kazi, wakaenda kukaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakarudi. Mshahara ulikuja ulipojisikia. Bomba la nyumbani lilikuwa limekauka, tukawa tunachota maji mitaa mitatu mbele. Darasani kwetu madawati mengine yalikuwa wazi tangu majirani zetu wa asili ya Kasai walipofukuzwa wakalala kituoni kungoja treni, na mwalimu alikuwa ameshaacha kuita majina yao. Sisi wenyewe tulikuwa mchanganyiko, bibi huyu wa huku, babu yule wa kule, na nyumbani habari hizo hazikuzungumzwa.

Baba alikuwa fundi mitambo. Karakana ilipokosa vipuri akabaki na mikono isiyo na kazi, akaanza kupakia unga wa mahindi kwenye kinga, ndiyo baiskeli kwa Kiswahili chetu, akaupeleka kuuza Kakanda kwenye kambi ya wachimbaji. Ilikuwa safari ya siku mbili: anakwenda, analala huko, anarudi kesho yake jioni. Njiani kulikuwa na malori yasiyo na breki na askari wasiolipwa, na sijui kipi kilikuwa kibaya zaidi.

Sasa niseme ambacho mama hakukiona. Ndani ya kichwa changu, Jumanne ile, Mungu hakuwepo. Kulikuwa na wazo moja, na sikulileta mimi. Niliamka nikalikuta limeshakaa: usipofanya mara nne kila mlango, papa hatarudia, yaani baba hatarudi nyumbani. Haikuwa sauti. Nilijua tu, kwa namna unavyojua kwamba chungu kikibaki motoni kitaungua. Na wazo lilikuja na sharti lake: nikimwambia mtu yeyote, kazi yote inaharibika. Kwa hiyo kila baba alipotoa kinga nje alfajiri, mimi nilikuwa mlangoni, napiga misalaba, na kila aliporudi nilijua ni mimi niliyemrudisha. Ni kazi ambayo haikuwa na siku ya mapumziko.

Baada ya milango ikaja mikono. Kwetu kabla ya kula bukari, ule ugali wetu, mtoto wa nyumba huzunguka na beseni na jagi la maji, kuanzia kwa baba, na kila mmoja ananawa. Nyumbani mtoto nilikuwa mimi peke yangu, hakuna mwingine, kwa hiyo kazi ile ilikuwa yangu tangu nimejua kusimama. Nikaanza kunawa kwanza mimi, mara nne, kabla sijagusa jagi. Kisha nikawa nanawa baada ya baba, nikanawa baada ya mama, na kama mgeni yupo, nikanawa baada ya mgeni. Bukari ilipoa. Ngozi ya vidole ilipasuka kwa sabuni. Mtoto mwingine angepigwa kofi kwa kumaliza maji yaliyochotwa mbali namna ile, lakini mama alinitazama kwa macho ya mtu aliye kanisani.

Baada ya mikono ikaja kuomba msamaha. "Mama, nilikukosea?" Hapana, mwana. "Mama, ya kweli sikukukosea?" Niliuliza tangu chai hadi jioni. Mtu mwenye akili timamu angenifukuza uwanjani. Mama aliwaambia wenzake kwamba ule ndio unyenyekevu wenyewe, kwamba watakatifu wote walianza hivyo hivyo, na kwamba yeye, asiyepata mtoto mwingine baada yangu, sasa alikuwa ameelewa sababu. Mungu alimpa mmoja kwa sababu huyo mmoja alikuwa wake Yeye.

Wanawake wa parokia wakaja kuniona. Walikaa barazani na vikwembe vyao vya sikukuu, wakanywa munkoyo wetu wote wa mahindi, wakanitazama nikipita mlangoni. Nikikosea nikaanza upya, walisema "Eeeh!" kwa pamoja. Mmoja aliniomba nimwombee mume wake apate mshahara wake. Nilimwombea. Mshahara haukuja, lakini hilo halikunivunjia sifa, maana hakuna mshahara wa mtu yeyote uliokuja.

Shuleni sikuwa mtakatifu. Shuleni nilikuwa mchafu. Mwandiko wangu, ambao mwalimu alizoea kuwaonyesha wengine, ulianza kutembea nje ya mistari. Herufi zinapanda, zinashuka, kalamu inaruka yenyewe. Nilichapwa vidole kwa rula, vidole vilivyokwisha kupasuka. Nilimwaga chai. Niliangusha jagi. Mama alisema roho inanisumbua mwili, na kwamba hayo yameandikwa. Yameandikwa wapi, hakusema.

Aliyekuwa na mashaka ni baba. Hakuwa mtu wa maneno. Alfajiri alisimama nje na kinga yake imelemewa unga, ananingoja nimalize, anauliza kwa upole, "Mama, bado?" Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake. Siku moja nilimsikia akisema na mke wake uwanjani.

"Mashine ikirudia-rudia kintu kimoya bila muntu kuituma, haiko inasali. Iko na pahali imelegea."

"Mutoto haiko mashine."

"Minye najua haiko mashine. Lakini angaria mikono yake. Na bajukuu, je? Tuko na mutoto mumoya tu, unataka kumupeleka kwa ba ma sœur?"

Mama alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya kitambaa cheupe cha masista.

Ningeendelea hivyo sijui mpaka lini kama shangazi asingefika. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, na alikuwa ameacha Ukatoliki zamani akahamia kwenye chumba cha maombi kilichokuwa kwenye ghala tupu karibu na soko. Alikuja kutusalimu tu. Alikaa, akanawa, akaniona nikinawa baada yake. Mara nne. Akaacha kula.

"Huyu mutoto iko na nini?"

"Iko na wito," mama akasema, kifua mbele.

"Wito?" Shangazi alinifuata kwa macho mpaka mlangoni, akaona misalaba, akaona nilivyokosea, akaona vidole vyangu vinavyoruka. Alipoanza tena kusema alikuwa ameshusha sauti, na shangazi akishusha sauti ndipo unapopaswa kuogopa. "Mulamu, sikia. Weye unasema Mungu. Mungu haiko anahesabu ku mulango. Hii ni bulozi. Na tumbo yako kufunga, miaka yote hii, unazani nani aliifunga?"

Nilikuwa nimeshika jagi. Nilisikia kila neno, na nilielewa. Mtaani kwetu kulikuwa na mtoto aliyesemwa hivyo, kwamba ni mchawi. Alikuwa analala nje ya nyumba ya baba yake.

Shangazi alitoa siku. Ijumaa angekuja na wenzake watatu wa maombi, wanichukue, nifunge siku tatu bila chakula na bila maji, wanitoe kitu kile. Mama alikataa kwa kelele, akasema hakuna atakayemgusa mtakatifu wake. Shangazi akasema kelele yenyewe ni dalili. Nikiwakumbuka sasa nacheka, maana wale wanawake wawili walinigombania kama kuku wa Noeli, mmoja ananivuta mbinguni, mwingine ananitoa jehanamu, na mimi katikati nina wazo moja tu: kwenye ghala lile, siku tatu, nani atasimama mlangoni baba akiondoka? Njaa sikuiogopa. Niliogopa baba atakufa nikiwa nafunga.

Mama aliamua kumwahi. Masista wakishathibitisha kwamba nina wito, hata shangazi atafunga mdomo. Alhamisi asubuhi alinivalisha gauni la komunyo, ambalo lilikuwa limeshanipanda magotini, tukaenda kwa miguu mpaka konventi. Kwenye geti nilifanya mara nne, na mama akanipisha nionekane vizuri. Mkuu wa masista hakuwepo. Tuliambiwa twende kwenye zahanati yao, nyuma, kwa sista mzee mwenyeji wa kando ya ziwa Moero, aliyekuwa muuguzi hapo tangu kabla ya uhuru.

Tulimkuta amekunja mikono ya gauni, anachemsha sindano kwenye sufuria.

"Ma sœur, nimekuletea mutoto wangu," mama akasema. "Iko na wito."

"Tangu lini?"

"Tangu mardi moya, asubuhi. Sasa ni semaine tatu."

Sista alihesabu majuma matatu tangu Jumanne ile, akafunika sufuria. "Wa kwangu ulikamata miaka saba, mama, na bado kuko asubuhi sina hakika. Wa kwake ulikuya mardi?"

Mama alieleza yote, kwa furaha, bila kuacha kitu: milango, mikono, msamaha, unyenyekevu. Sista hakumwangalia yeye. Aliangalia vidole vyangu. Kisha akanikalisha kwenye benchi, akachukua kijiko, akanibana ulimi kwa mpini wake, akachungulia koo. Akaniambia ninyooshe mikono mbele nifunge macho. Mikono yangu haikutulia. Vidole vilijipiga-piga vyenyewe hewani, kama vya mpiga likembe. Akanipa vidole vyake viwili nivikaze, na nilikaza nikalegeza, nikakaza nikalegeza, bila kutaka. Akanipa penseli niandike jina langu. Aliitazama karatasi muda mrefu. Mwisho akaweka sikio la chombo chake kifuani kwangu akasikiliza moyo.

"Alisha kugonjwa koo?"

"Koo?" Mama alishangaa kuulizwa habari ya koo siku kubwa namna ile. "Ah, batoto bote ba classe balikuwa na koo. Ni mbele ya haya yote. Alikuwa na homa siku nne, nikamupa mayi ya chumvi na ndimu, ikapona."

Sista akaitika kwa kichwa, vile vile baba alivyoitika kila alipogundua nati iliyolegea. "Mama, ngoya inje kidogo."

Mama alitoka akiwa na uhakika kwamba ninaulizwa mambo ya siri ya kitawa. Sista alivuta kigoda akakaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Usipofanya mara nne, nini itafika?"

Tangu Jumanne ile hakuna aliyeniuliza. Walikuwa wamenishangilia, wamenichapa, wamenitangazia pepo, lakini swali lile dogo hakuna aliyekuwa nalo. Nilibana mdomo. Sharti lilikuwa nisiseme. Yeye akangoja, sufuria inatokota, na mimi nikaanza kulia kabla sijaanza kusema.

"Papa atakufa. Ku njia ya Kakanda."

Hakucheka, wala hakupiga ishara ya msalaba. Alinifuta pua kwa aproni yake.

"Sikia muzuri. Ile haiko Mungu, na haiko shetani. Ni homa. Ilitoka mu koo, ikaingia mu kichwa, sasa inasema. Na homa haijue kintu. Haimujue papa yako, haijue njia ya Kakanda."

"Sasa nikiacha?"

"Hautaacha leo. Itakuacha yenyewe, polepole. Weye leta matako tu."

Nilileta. Sindano zile za zamani zilikuwa nene, na dawa ya penisilini iliingia kama uji. Nilipiga yowe lililomrudisha mama mbio.

Sista alieleza kwa kifupi, huku anafunga pamba. Alikuwa amewaona watoto wengine wa namna hii, tangu akiwa kijana: koo linapona, majuma mawili matatu yanapita, mtoto anaanza kucheza vidole bila ngoma, analia bila sababu, anarudia mambo. Wengine viungo vinavimba, wengine moyo unaharibika. Wangu ulisikika mzima. Ningechomwa sindano moja kila mwezi, miaka kadhaa, ili koo lile lisirudi kumaliza kazi. Siku hizi madaktari wana maneno mengi juu ya watoto wanaobadilika ghafla namna hii baada ya maambukizi, tena wanabishana sana nani aitwe nini. Nimewasoma. Nashukuru kwamba sista hakuwasoma, la sivyo tungebishana mpaka Ijumaa.

Mama alikuwa amesimama na mkoba wake kifuani. "Na wito, ma sœur?"

"Wito unaweza kungoya. Koo haiwezi."

Wakati wa kutoka, kwenye geti nilifanya mara nne, na safari hii mama alinishika mkono akageuza uso pembeni, watu wasimwone anavyonitazama.

Ijumaa shangazi alifika na wenzake watatu na Biblia nne. Mama alimkabidhi karatasi ya zahanati badala ya kumsalimu. Shangazi alijua Kifaransa. Aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu cha maana zaidi.

"Angine na rhumatisme," akasema, yaani koo na baridi yabisi. "Rhumatisme ni ya bazee."

"Hata minye nilisema vile," mama akajibu kwa uchungu.

Kwa mara ya kwanza maishani mwao walikubaliana. Wote wawili walikuwa wamejiandaa kwa vita kubwa, ya malaika na mashetani, wakapewa koo. Waliketi barazani pamoja, wamevunjika moyo, na wale watatu wa maombi wakakaribishwa munkoyo. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu. Alisema wangojee mwezi mmoja, na kama sindano haijafanya kitu, anarudi kunichukua. Baba, aliyekuwa akiziba pancha ya kinga, akainua kichwa.

"Mwezi moya, dada. Lakini ule mwezi usimuangarie mutoto yangu vile."

Juma la kwanza hakuna kilichobadilika ila makalio yangu, yaliyouma. La pili vidole vilitulia. Nilishika jagi lisimwagike, na mwandiko ukaanza kurudi kwenye mistari. Kunawa kukapungua, nikawa nasahau na kukumbuka nimeshakula. Nilimuuliza mama kama nimemkosea, akaniambia kwa ukali ninyamaze, na nikanyamaza, nikashangaa kwamba naweza. Milango ya shule ikanitoka kichwani. Ukabaki mmoja tu, mlango wa mbele, alfajiri, kinga ikiwa nje. Ule sikuuachia. Nilimwamini sista kwa mambo yote isipokuwa hilo, kwa sababu kama amekosea, atakayelipa ni baba.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache. Asubuhi moja niliamka jua limeshaingia ndani. Nyumba ilikuwa kimya. Nilikimbia nje pekupeku: kinga haipo, magunia hayapo. Jirani aliyekuwa anakwenda Kakanda pia alitaka kuondoka mapema, baba akaondoka naye, na mimi nilikuwa nimelala. Nilirudi mlangoni nikapiga misalaba, nne, na nne nyingine, na nyingine, lakini nilijua ni bure. Alikuwa ameshapita. Nilikaa kizingitini nikatetemeka mwili mzima, na mara ile haikuwa homa.

Sikwenda shule siku ile. Kesho yake sikwenda pia. Sikuweza kumeza kitu. Mama alinibembeleza, akanigombeza, akaleta chai yenye sukari ambayo hatukuwa nayo. Mwishoni, nikiwa nimeshindwa hata kulia, nilimwambia. Nilimwambia kazi yangu ilikuwa ipi tangu Jumanne ile. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akakaa karibu nami, chini, na kikwembe chake kizuri.

"Ni hii ulikuwa unafanya? Siku zote zile?"

"Ee."

"Na minye nilikuwa nafurahi." Alifunika mdomo kwa mkono, akautoa tena. "Nilikuona unateseka, mwana, nikaita bantu bakuye baangarie. Unisamehe. Unisamehe, unasikia?"

Sikujua mtoto anamjibuje mama yake akiomba msamaha; hakuna aliyenifundisha. Nilimwegemea. Tulikaa hivyo, jioni ya pili, tunaangalia barabara, na nadhani hata yeye alianza kuogopa, maana alikuwa anauliza kila apitaye kama ameona watu wa Kakanda.

Alikuja jua likizama, anasukuma kinga, tairi la nyuma limekwisha kabisa, mwekundu kwa vumbi tangu nywele mpaka viatu, anamtukana fundi aliyemuuzia mpira ule. Jirani alikuwa nyuma yake, anacheka. Baba aliniona nimesimama katikati ya njia.

"Mama! Iko bukari? Njaa inataka kuniua."

Nilidhani nitamrukia kwa furaha. Sikumrukia. Nilikasirika, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena, nikamfuata nikampiga tumboni kwa ngumi zote mbili.

"Hukuningoya!"

"Ulikuwa unalala muzuri. Nikasema nikuache."

"Sikufanya! Hata moya sikufanya! Na uko hapa!"

Asubuhi zote zile. Sabuni yote ile, rula yote ile, usingizi wote niliokatisha. Kumbe alikuwa anarudi mwenyewe. Nilimpiga nikimweleza, na nilimweleza nikipiga, mpaka akaelewa. Aliiachia kinga ikaanguka na magunia yake matupu, kitu ambacho baba, fundi mitambo, hakuwahi kukifanya kwa chombo chochote, akapiga magoti kwenye vumbi, akanishika ngumi zangu.

"Ni weye ulikuwa unanirudisha?"

"Ee."

"Kila siku? Weye peke?"

"Ee, papa."

Niliona machozi yakichora mistari miwili kwenye vumbi la uso wake, na hakuyafuta kwa sababu alikuwa ameshika mikono yangu.

"Ile ni kazi nguvu sana juu ya mutoto," akasema. "Pumzika sasa. Njia ya kurudia, minye naijua."

Alinibeba mpaka ndani, pamoja na vumbi lake lote. Nililala kabla bukari haijaiva, na hakuna aliyeniamsha.